Matongo ya Meneja

Tarehe 3 Februari

Shangazi yangu, shikamoo.

Nimefika salama, ila kuna mlio nimekuja nao. Nilikuwa nimeshavaa viatu, mkoba begani, wewe umeushikilia mlango ili kambwa kako Meneja asitoroke, mara nikasikia kutoka nyuma ya nyumba chuma kikigonga bati. Mara tatu, taratibu, kisha kimya. Ukaniambia, "Nenda, gari litakuacha." Nikajisemea ni bakuli la Meneja, huku nikijua Meneja yuko miguuni pangu. Safari nzima nilikuwa nausikia. Hata sasa, kliniki ikitulia, nausikia.

Huku sijambo. Wamenikabidhi chumba cha wanyama wadogo, kwa hiyo nina meza yangu, taa yangu, na mizani ndogo ambayo ukiiwekea mbuzi itaomba likizo. Wenzangu wananiita Profesa kwa sababu nasoma huku nakula. Sijali. Wewe je, mgongo unaendeleaje? Yale mapazia ya ukumbi wa shule umeyamaliza? Na simu yako mbona haipokelewi?

Sasa jambo lenyewe. Macho ya Meneja hayakunifurahisha. Najua mteja wako alipohama na kukuachia hako kambwa alikwambia ndivyo kalivyo, na wewe ile michirizi ya rangi ya kutu inayoshuka hadi puani unasema ni wanja. Mimi nasema ni dalili. Vijibwa vya umbo lile, vyenye uso mfupi na macho yaliyotokeza, njia yao ya machozi ni nyembamba kama uzi wako wa kudarizia. Ikibanwa kidogo tu, machozi yanamwagikia usoni, na manyoya meupe yanashika rangi. Matongo machache makavu ya asubuhi si neno. Yakiwa mazito, ya manjano au ya kijani, hapo ni kumkimbiza kwa daktari, usinisubiri mimi wala barua yangu. Lakini ya Meneja ni majimaji, na anajisugua mashavu kwenye zulia, na nilimwona akila kuku. Nina hakika ni chakula. Niandikie: unampa nini, asubuhi na jioni?

Na lile tulilokubaliana juu ya kaka yako liko palepale. Nilikuapisha nikiwa na sare ya shule, leo nina koti jeupe, na kiapo ni kilekile: akionekana, mimi nisiambiwe. Sijui kwa nini nimelikumbuka leo.

Mwanao

*

Tarehe 20 Februari

Mwanangu Profesa (jina nimelipenda, nalo halitoki tena),

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ndiye mwenye nyumba siku hizi na mimi ni mpangaji: akitaka tuketi, tunaketi. Mapazia ya shule yameisha. Mkuu wa shule analalamika kuwa yanatia giza, nikamwambia, "Mwalimu, pazia lisilotia giza linaitwa chandarua." Akacheka, lakini nimeona hakupenda.

Simu ipo kabatini, nzima kabisa. Kwa sasa naomba tuandikiane. Sauti yako naipenda, ila simu huingia bila kubisha hodi.

Sikusubiri uniagize, nilimpeleka Meneja kwa daktari wa mifugo wa hapa. Mtu mwenyewe amezoea ng'ombe. Alimwinua kwa vidole viwili kama anayechagua nyanya, akauliza, "Ndiyo huyu wote, au kuna kipande kimebaki nyumbani?" Nikamwambia akicheka tena tunaondoka. Hapo akafanya kazi yake vizuri, sina la kumlaumu. Alimtia macho yote mawili dawa ya rangi ya njano inayong'aa, tukasubiri, rangi ikatokea puani. Akasema njia za machozi ziko wazi, hakuna kope inayochoma, na jicho halina kidonda. Meno ya Meneja yanaota, na hilo huongeza machozi kidogo, lakini si kwa kiasi hiki. Akamtazama tena, akasema, "Mama, kaliulize sufuria lako."

Kwa hiyo Profesa na daktari wa ng'ombe mmekubaliana. Nampa kuku wa kuchemsha na wali, asubuhi na jioni. Hicho ndicho nimpacho, sina kingine.

Kiapo nakikumbuka. Nilikushika mkono nikakuahidi, na mimi neno nikishalikata silirudishi dukani.

Kula vizuri. Kusoma wakati wa kula kunafanya chakula kijione kimedharauliwa.

Shangazi yako

*

Tarehe 9 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimecheka peke yangu mpaka mtu mwenye paka akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa. Kazi ni nyingi na naipenda. Jumapili nilifua, nikalala, nikaamka nikiwa nimekunja ngumi, sijui nilikuwa nikigombana na nani.

Mpe daktari wa mifugo salamu zangu, amefanya nilichotaka kifanyike. Sasa macho yenyewe tumeyatoa kwenye mashaka, imebaki sahani. Nimekutumia kwa basi mfuko wa chakula kamili cha watoto wa mbwa wadogo, ambacho nyama yake ni samaki tu. Kuku na wali peke yake hata bila suala la macho havimtoshi, mifupa yake bado inajengwa na wali haujui kujenga mfupa. Usimbadilishie kwa siku moja, tumbo litakutukana. Anza kwa kuchanganya kidogo na kile cha zamani, ongeza kila siku, mpaka wiki ikiisha bakuli liwe la samaki mtupu. Kikombe cha kupimia kimo ndani ya mfuko. Asubuhi na jioni mfute chini ya macho kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha mkaushe, kwa sababu unyevu ukikaa ndani ya manyoya nao huwasha.

Na baada ya hapo, Shangazi, asiguse kitu kingine. Hata ukoko. Mzio wa chakula haujali ni kidogo au kingi. Tutakwenda hivyo kama miezi miwili, macho yakikauka tutamrudishia kuku kidogo kidogo, tumwangalie. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaondoa kitu, wanaona nafuu, wanaishia hapo. Hawarudishi, kwa hiyo hawajui kamwe kama walichokiondoa ndicho kilichokuwa na kosa.

Ni kuku. Nakuhakikishia.

Nilijaribu kuutengeneza ule mlio kwa bakuli la hapa kliniki. Bakuli linakwaruza tu, halilii vile.

Mwanao

*

Tarehe 28 Aprili

Mwanangu Profesa,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Hoteli moja imeniletea madirisha yake yote kwa mkupuo, kana kwamba kesho jua linaanza kulipisha. Nimeshona mpaka vidole vikaota njozi zao wenyewe. Lakini kazi imeisha na imependeza. Mgongo naye ametoa kibali.

Kuhusu Meneja. Chakula alikipokea kama bosi aliyeletewa chai isiyo na sukari: alikinusa, akanitazama, akaondoka. Jioni alikirudia mwenyewe. Sasa tumbo lake zuri, manyoya yanang'aa, na nampa kwa kikombe chako, sipunguzi wala sizidishi. Bakuli naliosha kwa mkono wangu. Ukoko haupati.

Ila macho, mwanangu, bado. Mwezi umepita na zaidi, na michirizi ni ileile. Sitaki kukuficha. Asubuhi namfuta, jioni amelowa.

Tulikutana na daktari wa mifugo njiani, akamwinua kwa vile vidole vyake viwili, safari hii akatumia vitatu. Akasema, "Huyu ameongezeka uzito, na ndevu zake zinanata. Mama, huyu anakula kuliko sisi." Nami nakuandikia kama alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu wewe ndiye unayejua kusoma mambo hayo.

Mchana anashinda kwenye kikapu cha nyuzi. Jioni siku hizi hakai na mimi. Anakwenda kulala mlangoni pa chumba cha nyuma, pua imechomekwa chini ya mlango.

Shangazi yako

*

Tarehe 12 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima, kazi nzuri. Leo salamu zangu ni fupi.

Nilipoimaliza barua yako nilikasirika. Nikaandika ukurasa mzima wa kukwambia unanidanganya, na kwamba samaki hawezi kuzidisha uzito hivyo kwa kikombe kile. Kisha nikauchana, kwa sababu tangu uanze kunilea hujawahi kunidanganya hata siku moja. Hata nilipokuwa mdogo nikikuuliza kama sindano itauma, ulisema itauma. Wewe hujibu unachoulizwa, hupunguzi wala huzidishi, kama unavyokata kitambaa.

Basi kosa ni langu, la kitaalamu, na naliona aibu kidogo. Nimekuwa nikikuuliza unampa nini. Sikuuliza anakula nini.

Ndevu zinazonata ni sukari. Wewe chai yako huweki sukari, ndiyo maana kwako hakuna haja ya kijiko. Maziwa huyagusi, tumbo lako halitaki, na sijawahi kuyaona katika nyumba ile tangu nihamie. Biskuti unasema ni chakula cha wageni. Na huyo mbwa kila jioni anachomeka pua chini ya mlango wa chumba ambacho nilipokuja uliniambia nisiingie, kina vitambaa vya wateja. Nina uhakika vitambaa vimo. Hukusema kwamba ni vitambaa tu.

Kuna mtu mmoja ninayemjua ambaye hukoroga chai ya maziwa, kisha anagonga kijiko kwenye ukingo wa kikombe cha bati, mara tatu, taratibu, kama hakimu anayefunga kesi. Halafu huchovya biskuti. Kipande cha mwisho hakili yeye, humpa aliye karibu na goti lake. Zamani aliyekuwa karibu na goti lake ni mimi. Mama alikuwa ameshatutangulia, tulikuwa wawili. Asubuhi moja aligonga kijiko, akanipa kipande changu, akasema atarudi jioni. Jioni ile ulikuja wewe.

Nilijua tangu mlangoni, Shangazi. Nilijua nikiwa na viatu mguuni, nikaamua kuwa ni bakuli. Nimeandika juu ya samaki na kuku na vitambaa safi miezi yote hii huku najua.

Kiapo nakifungua. Nimekufungulia mimi niliyekufunga, kwa hiyo hujavunja kitu. Sema.

Na kaka yako mwambie aache biskuti leo hii. Hilo si la kifamilia, ni la kitabibu.

Mwanao

*

Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, cherehani ikinisubiri, pazia likining'inia nusu. Umenifungua, basi nasema.

Alikuja kabla ya mwaka mpya. Alikuwa na begi moja na mvi ambazo sikumwacha nazo. Alisimama getini kama mtu aliyeleta bili. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mkono wa kike, akayasikiliza yote mpaka la mwisho, kisha akauliza, "Mtoto anakula vizuri?" Ndipo nikamfungulia. Sikumfungulia kwa ajili yake.

Ameitengeneza cherehani yangu ya pili, ile uliyodhani ni pambo. Ananikatia vitambaa, anafunga fimbo za mapazia kwa wateja, anakunja mikono yake jioni, hana maneno. Siku ulipokuja alijifungia na marobota ya vitambaa. Nilimwambia akae kimya, akakaa kimya kama maiti, ila akasahau kuwa kijiko chake kina mdomo. Nilikuharakisha utoke kwa sababu ungeniuliza, na ungeniuliza ningekujibu, na ningekujibu ningevunja kiapo chako. Simu niliifungia kabatini kwa sababu hiyohiyo.

Kama unataka kujua kwa nini nilikuandikia kila kitu alichosema daktari wa ng'ombe, neno kwa neno, jua kwamba mimi niliapa kutosema. Meneja hakuapa.

Sasa mbwa. Siku barua yako ilipofika nilimsomea kaka yangu kipande cha biskuti tu, na kile cha barua ya Machi cha kuondoa na kurudisha. Alisimama palepale, akaupeleka mfuko wa biskuti juu ya kabati, hata yeye hali tena. Wiki hazijapita nyingi, macho ya Meneja yamekauka. Asubuhi ana tongo moja dogo, kavu, kama ulivyosema si neno. Chini ya jicho manyoya yanaota meupe, inachekesha, anaonekana kama kavaa miwani.

Basi juzi akaniambia, "Mtoto ameandika lazima kurudisha ndipo ujue." Nikamwambia mtoto hajakuandikia wewe. Akasema anajua. Akachovya kipande kidogo, kama ukucha, akampa. Kesho yake macho maji, mashavu kwenye zulia. Kwa hiyo siku hiyo nilikuwa na wawili wa kuwafuta macho, na mmoja wao hakula biskuti.

Hapa ndipo penye uzito, ndiyo maana nakuandikia haraka. Amefunga begi. Liko mlangoni, nalipita kila nikienda jikoni. Anasema yeye ndiye kitu kibaya kilichokuwa ndani ya nyumba hii, sasa kimejulikana, kiondolewe. Nimemwambia asubiri barua yako. Amekubali kusubiri barua moja, si zaidi.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe namsamehe asubuhi, ikifika mchana nimeghairi. Nakuuliza kama ninavyomuuliza daktari: afanywe nini?

Chini hapa ameomba aandike. Nimempa kalamu.

Shangazi yako

*Sijampa tena. Mbwa anaendelea vizuri. Nilidhani nampa kitu kizuri.*

*

Tarehe 11 Juni

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilinikuta namsafisha sungura masikio. Nilimmaliza kwanza. Kisha nikafunga mlango wa chumba changu, jambo ambalo silifanyi, nikasoma. Ule mstari wa chini niliusoma mara nyingi kuliko barua nzima. Mwandiko wake bado unalalia upande mmoja. Wangu nao hulalia upande huohuo. Sikuwahi kujiuliza nimeutoa wapi.

Umeniuliza kama daktari, nami nakujibu kama daktari, kwa sababu huko ndiko ninakosimama imara.

Kwanza, nilikosea kuhusu kuku. Hana kosa lolote tulilolithibitisha, na nilimhukumu kwa sauti kubwa kwa sababu ndiye niliyemwona kwenye sahani. Mwombe radhi kwa niaba yangu ukipita sokoni. Pili, biskuti si kitu kimoja. Ndani yake kuna ngano, na huchovywa kwenye chai ya maziwa. Bado hatujui ni kipi kinachomliza Meneja, au ni vyote. Hilo hulipimi kwa kuchovya ukucha na kulia. Unapima kimoja, kwa kiasi kidogo, unasubiri macho yatulie, ndipo unakwenda kwenye kingine. Nataka kulifanya mwenyewe, hapa, kwenye taa yangu.

Kuhusu begi. Mwambie hivi, neno kwa neno kama unavyojua kufanya. Sijamsamehe, na asiambiwe na mtu kwamba nimesamehe. Lakini mimi nilimwondoa maishani nikiwa mtoto, nikaona nafuu, nikaishia hapo. Sikuwahi kurudisha. Nimewaambia watu wangapi kwamba huo ni uzembe? Siwezi kuwa na hakika juu ya jambo ambalo sikulipima, na mimi, Shangazi, napenda kuwa na hakika.

Kwa hiyo begi lisifunguliwe. Ndani ya bahasha hii kuna tikiti ya basi la Ijumaa, ya kwenda na kurudi, kwa jina lake. Nimeshailipia. Siku za katikati ni chache, kwa sababu mara ya kwanza huwa kidogo. Meneja atakuja kwenye kikapu cha nyuzi, na kwenye basi atalishwa na yeye, kwa kikombe cha kupimia, samaki tu. Dereva nimeshazungumza naye, alitaka kujua mbwa ni mkubwa kiasi gani, nikamwambia ni mkubwa kuliko nyanya. Kituoni nitakuwepo nikiwa na koti la kazi, asidhani ni mtu mwingine. Kliniki nimeshaomba ruhusa. Chumba cha pili nimekitoa vitabu na kutandika kitanda.

Biskuti zibaki juu ya kabati lako. Simu itoe kabatini, jioni ya Ijumaa nitakupigia kukwambia wamefika, na nikipiga utasikia nyumba yangu kama ilivyo.

Na mwambie Baba asibebe kikombe. Jana nilipotoka kazini nilikwenda dukani nikavigonga vya bati kimoja kimoja kwa kijiko, mwenye duka akinitazama kama nimepungukiwa, mpaka nikapata chenye mlio wake. Nimekinunua. Kiko mezani.

Mwanao